Sanduku la hazina la kilo 2 linaloonekana la kilo 40

"Kamwene, fundi. Nataka sanduku la maharamia, lile la hazina, lenye kifuniko cha mgongo. Ila watakaolibeba ni watoto wa darasa la tatu."

Mwalimu huyo alikuja kwenye karakana yangu hapa Iringa mwanzoni mwa Oktoba. Shule yao ina walimu na watoto waliotoka nje, na kila tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, wanafanya Halloween: watoto wanavaa mavazi ya mizimu, ya wachawi, ya maharamia, na wanaigiza. Mimi natengeneza vifaa vya jukwaani, na kazi nyingi huniletea makanisa na shule zenye mahafali. Sanduku la hazina nimeshalitengeneza mara nyingi kwa majina tofauti, kwa sababu likimaliza kazi ya maharamia mwezi wa kumi, Desemba linavikwa kitambaa cha zambarau na kubebwa na mamajusi.

Mwalimu alikuwa na wazo la mbao, na huku kwetu nani asingelifikiria? Mafinga iko kilomita kama 80 tu kutoka hapa, na mbao za paina za msitu wa Sao Hill zinapita barabarani kila siku. Lakini hebu tupige hesabu. Sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 30, pamoja na kifuniko cha nusu duara, lina eneo la karibu sentimita za mraba 12,000. Ukitumia ubao wa inchi moja, unapata karibu lita 30 za mbao tupu. Paina iliyokauka ina uzito wa kama nusu kilo kwa lita, kwa hiyo sanduku hilo linafika kilo 14 au 15 kabla hujatia hata sarafu moja. Sanduku hilohilo kwa stairofomu, ile nyeupe inayokumbatia friji na televisheni ndani ya boksi, lina nusu kilo na ushee. Kwa sehemu kubwa ile ni hewa iliyofungwa kwenye punje. Ukishaweka karatasi, gundi na rangi, linafika kilo 2.

Kwa hiyo mtoto atalibeba. Shida ni kwamba macho ya watazamaji nayo yanajua kupima. Kitu chepesi kinajisema chenyewe: kingo zake ni kali mno, kinatikisika kikiguswa, kikiwekwa chini hakitoi mshindo. Kazi yangu yote kwenye sanduku hili ni kukipa kitu chepesi dalili za uzito.

Kwanza gundi, maana hapo ndipo wengi wanapopotezea kazi. Sanduku langu la kwanza la stairofomu nililiunga kwa gundi ya viatu, ile ya njano ya mafundi wa raba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na inashika haraka. Asubuhi nilikuta kila kiungo kimeliwa, pembe moja imekuwa pango lenye kuta za kunata, na onyesho lilikuwa jioni ya siku hiyohiyo. Gundi ile ina vimumunyisho vya jamii ya thina, na vimumunyisho hivyo vinayeyusha stairofomu kama maji yanavyoyeyusha sukari. Petroli hufanya vivyo hivyo, asetoni ya kufutia rangi ya kucha hufanya vivyo hivyo, na rangi ya kupuliza ya kopo pia, hata ikipulizwa kwa mbali. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Ni ya maji na haili kitu. Inakauka polepole, kwa hiyo shikiza viungo kwa vijiti vya mishikaki vilivyochomekwa mshazari, funga kamba, acha usiku kucha. Vijiti vinabaki ndani na kuwa misumari yako.

Kukata nako kuna namna yake. Kisu butu kinang'oa punje, na upepo wa Iringa wa mwezi wa kumi unazitawanya mpaka kwa jirani mwenye kuku. Mimi nakata ndani, mlango umefungwa, sakafu imenyunyiziwa maji ili punje zisirukeruke. Kisu chenye wembe mpya nakisugua kwenye mshumaa kabla ya kila mkato. Nta inakifanya kiteleze, na ule mlio wa kukereketa meno unakwisha. Wapo wanaochoma kisu kwenye mkaa ili kiyeyushe njia. Mkato unakuwa laini kweli, lakini moshi wake ni sumu. Ukiamua kufanya hivyo, fanya uwanjani, upepo ukiwa mgongoni kwako, na watoto wawe mbali.

Kifuniko ndicho kinachowatisha watu, kumbe kinafuata hesabu ya pipa. Chora nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha sentimita 15, kata, simamisha moja kila mwisho. Juu yake unalaza papi, yaani vipande virefu vyembamba, za stairofomu za unene wa sentimita 2 na nusu, kwa hiyo mgongo wa nje unakuwa na nusu kipenyo cha 17 na nusu. Mzingo wa nusu duara hiyo ni sentimita 55, yaani papi 11 za upana wa sentimita 5. Ila papi ikiwa na upana wa 5 juu, chini iwe na 4.3, vinginevyo hazitalala bega kwa bega. Sugua kila ubavu kwa msasa uliogundishwa kwenye kibao mpaka ulale kidogo, kama nyuzi 8 hivi. Usihangaike kuziba nyufa zote. Ufa mwembamba kati ya papi na papi ndio unaomwambia mtazamaji kuwa hizi ni mbao zilizoungwa na mtu.

Sasa ngozi. Stairofomu ikipakwa rangi tupu inaonyesha punje zake, na hapo mchezo umeisha. Navika sanduku lote matabaka mawili ya gazeti na gundi nyeupe iliyopunguzwa maji. Uji wa ngano ni wa bei rahisi na unashika vizuri, lakini panya wa stoo wanaupenda. Nililipoteza sanduku zima hivyo.

Gazeti likikauka inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Naenda kwa fundi seremala na mfuko, naomba vumbi la msumeno, nalichekecha kwa chekecheo la chai, halafu nalikoroga na gundi nyeupe na rangi ya maji ya kahawia mpaka liwe zito kama uji wa kulamba. Naipaka ubao mmoja baada ya mwingine, na kabla haijakauka nachukua kitana cha meno mapana na kukivuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kunyanyua mkono. Kitana kinaacha mistari. Mkono ukitikisika kidogo mistari inapinda, na hicho ndicho ninachotaka, maana mti haukui kwa rula. Pale ninapotaka fundo, nazungusha ncha ya kidole mara moja, kisha navuta kitana kulizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe la mtoni. Vumbi la paina likikauka linakwaruza kiganja kama ubao ambao haujapigwa randa. Mtoto akilishika anaamini, na mwili wake unaanza kuigiza wenyewe.

Rangi ni mbili tu. Kwanza kahawia iliyoiva karibu na nyeusi, kila mahali. Ikikauka, chovya brashi kwenye kahawia nyepesi, ifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, halafu ipitishe juu juu. Rangi inashika migongo ya mistari na kuacha mabonde yakiwa meusi. Hapo ndipo unene unapoonekana.

Chuma nakitengeneza kwa soli za ndala zilizochakaa, zilizokatwa mikanda ya sentimita 4. Hizi gundi ya viatu haiziyeyushi, lakini zinalala juu ya sanduku la stairofomu, kwa hiyo zigundishe kwa gundi nyeupe na pini. Kama huna ndala, karatasi ya manila iliyokunjwa mara mbili inatosha. Vichwa vya misumari ni dengu zilizopasuliwa, upande bapa chini. Paka nyeusi, kisha saga risasi ya penseli kwenye msasa na uisugulie kwa kidole: inatoa mng'ao wa kijivu wa chuma kilichoshikwashikwa na mikono ya watu. Kutu naichota nje ya mlango. Udongo wetu mwekundu uliochekechwa, ukichanganywa na gundi kidogo na kudondoshwa chini ya kila msumari, ni kutu ambayo hakuna duka linaloiuza.

Tundu la ufunguo huwa nachora la uongo tu mbele, na sioni kama ni udanganyifu. Masanduku ya chuma yaliyotengenezwa Nuremberg, Ujerumani, katika karne ya 16 na 17 yalikuwa na tundu la uongo mbele, huku kufuli lenyewe likiwa kwenye kifuniko. Na maharamia wenyewe kwa kawaida waligawana mali na kuitumia, hawakuifukia. William Kidd ndiye anayejulikana kwa hakika kufukia yake, mwaka 1699 katika kisiwa cha Gardiners, ambacho leo kiko katika jimbo la New York, Marekani, na miaka miwili baadaye alinyongwa London.

Watoto wa huku, ukiwatajia hazina, hawafikirii bahari. Wanafikiria mali ya Mjerumani inayosimuliwa kuwa imefukiwa mlimani au chini ya mti fulani. Ndiyo maana sarafu zangu zina tembo, kama ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Ni vizibo vya soda vilivyopondwa kwa nyundo mpaka vikawa bapa, vikapakwa rangi ya dhahabu. Kingo zake zinakata, kwa hiyo vyote vimegundishwa kwenye kipande cha boksi kinachokaa sentimita 8 chini ya ukingo. Anayeangalia anaona sanduku limejaa.

Chini ya boksi hilo naweka mfuko wa mchanga wa kilo 3, lakini naulaza mbele, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa kinalivuta sanduku lianguke nyuma. Kamba mbili fupi ndani zinakizuia kisipitilize. Kama mwalimu anataka hazina ing'ae usoni mwa mtoto, ni tochi ndogo ya betri, basi. Mshumaa hapana, hata kama meza ya pembeni imejaa maboga yenye mishumaa. Stairofomu inashika moto haraka na moshi wake ni mzito na mweusi.

Siku ya mazoezi niliwaita wabebaji wawili na kuwaomba walinyanyue. Walilinyanyua kwa mkono mmoja mmoja, wakikimbia. Nikawaambia wakumbuke ndoo ya maji ya lita 20 wanayoibeba nyumbani: magoti yanakunjwa, mtu anavuta pumzi, bega moja linashuka, hatua zinakuwa fupi. Wakarudia. Walipolitua, mvulana mmoja akapiga sakafu kwa kisigino kwa siri, du! Mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma akakimbia kwenda kuwasaidia.