Mchezo wa Wazungu? Hebu Keti Kwanza

Jumamosi hapa Kisumu, raundi ya tatu ya mashindano ya chesi, narekebisha saa ya meza ya pili, baba wa mchezaji mmoja ananiinamia: "Kocha, huu mchezo wa Wazungu unawafaa nini watoto? Si afadhali ajua ya babu zetu?" Ajua, aina ya bao, naipenda, na wazee wamenichapa nayo mpaka nikaona haya. Ila hilo la Wazungu, mwezi huu pekee nimelisikia mara nne.

Haya. India, yapata karne ya 6, chaturanga: jeshi la sehemu nne, yaani askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Uajemi wakaita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi karne ya 7 waliukuta mchezo huo, na kwa kuwa Kiarabu hakina "ch" wala "g" hiyo, wakatamka shatranj. Kiswahili kikapata sataranji. Tuna jina la mchezo huu ambalo halikupitia London, na bado tunaambiwa tumeazima.

Kinachonikera zaidi ni ile kete tunayoiita askofu. Askofu gani, vitani? Alikuwa ndovu, al-fil. Wahispania bado humwita alfil, na Warusi slon, ndovu kabisa. Tena ndovu wa zamani hakuteleza ubaoni kama huyu wetu. Aliruka mraba wa pili kimshazari, hata akikingwa na kete nyingine, na kwa mwendo huo aliweza kufika miraba 8 tu kati ya 64. Kando ya mfalme hapakuwa na malkia ila waziri, hatua moja ya mshazari, basi. Na ukimbana mpinzani akakosa pa kwenda, ilhali mfalme wake hashambuliwi, haikuwa sare kama leo: ulishinda. Wanafunzi wangu wanaojiokoa kwa sare za namna hiyo wangelia.

Hapa nampa yule baba nusu ya haki yake. Malkia anayefagia ubao mzima alizaliwa Ulaya, Hispania, mwishoni mwa karne ya 15, na Wafaransa wakauita mchezo wa malkia mwenye wazimu. Kwa hiyo kasi tunayoichezea leo ni ya huko, na kuna siku nasita kusema ni mchezo ule ule. Mkalishe as-Suli, bingwa wa Baghdad wa karne ya 10, mbele ya msichana wangu wa kidato cha pili: kabla ya chakula cha mchana atafungwa kwa kutozijua sheria. Baada ya chakula, namhurumia msichana.

Huyo as-Suli alimshinda al-Mawardi, kipenzi cha Khalifa al-Muktafi. Jina al-Mawardi linatokana na marashi ya waridi, na inasimuliwa kuwa khalifa alimwambia marashi yake yamegeuka mkojo. As-Suli pia aliacha fumbo moja la ubaoni akijigamba kwamba hakuna awezaye kulifumbua ila aliyefundishwa naye. Likakaa kama miaka elfu moja, hadi Averbakh, Mrusi, alipolifumbua miaka ya 1980.

Na Sultan Khan je? Mtu wa Punjab, aliyekuzwa na sheria za Kihindi ambazo askari hapigi hatua mbili mwanzoni. Mfadhili wake alimpeleka London mwaka 1929, na mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa Uingereza, akarudia 1932 na 1933. Katikati hapo akamlaza Capablanca, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, kule Hastings, Uingereza. Cheo cha heshima cha ugrandimasta, daraja la juu kabisa la wachezaji, alipewa mwaka 2024, miaka 58 baada ya kufa. Sina adabu ya kutosha kulieleza hilo.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Sasa askofu alitoka wapi?" Nikamwambia kete ya ndovu ilichongwa na ncha mbili juu, kama pembe. Inasemekana Waingereza wakaona kofia ya askofu. Wafaransa wao humwita chizi. Hapo akacheka sana, maana mwanawe alikuwa ametoka kumwacha askofu wake aliwe bure.