Vyama sita, kura ile ile: kwa nini Kisumu Rural ilihamahama hivyo?

Ukipanda matatu ya Bondo pale stendi ya Kisumu, muda si mrefu unafika Kisian, njia panda. Barabara moja inapanda kuelekea Maseno, kule inakokata ikweta. Nyingine inashika kushoto na kuingia Seme, hadi jiwe la Kit Mikayi linapochomoza juu ya miti kama watu waliobebana mabegani. Sehemu kubwa ya nchi hiyo, ya vilimani na ya ufuoni, ilikuwa eneo bunge moja lililoitwa Kisumu Rural. Hakuna aliyeliita Kisumu Vijijini. Mjini walikuwa na kiti chao, Kisumu Town, ambacho mwaka 1969 kilimpeleka Bungeni Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Sisi wa mashambani tukapewa hilo neno la Kiingereza, tukalizoea.

Uchaguzi wa 2013 ulipofika, jina hilo halikuwepo tena kwenye karatasi ya kura. Lakini ukirudi nyuma na kuandika vyama vilivyowahi kushinda kiti hicho, unapata orodha ya kuchekesha: KANU, KPU, KANU tena, FORD-Kenya, NDP, NARC, kisha ODM. Vyama sita, na nusu karne haijatimia. Mgeni akiiona atasema hawa ni bendera fuata upepo. Mimi nasema ni kinyume chake. Watu walibaki pale pale walipokuwa, vyama ndivyo vilivyokuwa vikipita.

Kuelewa hilo, anza na mwaka 1966.

Wakati wa uhuru kiti kilikuwa cha Tom Okelo-Odongo wa KANU, chama tawala. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Makamu wa Rais, na katika Nyanza ya Kati ya siku hizo kusema KANU ilikuwa sawa na kusema Jaramogi. Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU kule Limuru, cheo chake cha makamu wa rais wa chama kilifutwa na mahali pake wakawekwa makamu wanane. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini, akaongoza chama kipya, KPU. Okelo-Odongo, aliyekuwa waziri msaidizi, akamfuata.

Hapo ndipo serikali ilipotunga sheria ambayo ingeishi kuliko wengi walioitunga. Katiba ilibadilishwa haraka haraka: mbunge akihama chama kilichompeleka Bungeni, kiti kinakuwa wazi na lazima arudi kwa wapiga kura. Nia ilikuwa kuwatisha waasi. Juni 1966 viti 29 vikapigiwa kura kwa mpigo, uchaguzi ambao vitabu vya historia vinauita uchaguzi mkuu mdogo. KPU ilipata viti 9 tu, 7 vya Baraza la Wawakilishi na 2 vya Seneti. Waliofukuzwa na wapiga kura wao walikuwa wengi, akiwemo Bildad Kaggia kule Kandara na Achieng Oneko Nakuru mjini. Kisumu Rural ilimrudisha Okelo-Odongo. Miaka mitatu tu baada ya kuchagua jogoo, alama ya KANU, watu wale wale walichagua dume, alama ya KPU, na sidhani hata mmoja wao alijiona amehama. Waliyemfuata alikuwa ametoka, nao wakatoka.

KPU haikumaliza miaka minne. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali mpya ya Kisumu, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Akarushiana maneno na Jaramogi hadharani, vurugu zikazuka, askari wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilitaja watu 11 waliokufa, na mpaka leo wazee wa Kisumu hawaikubali. Siku tano baadaye chama kikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulikuwa na chama kimoja, KANU.

Na hapa kuna jambo linalonishangaza kila nikilitazama. Katika miaka ya chama kimoja, wakati uhuru wa siasa ulikuwa haba, ndipo wapiga kura wa Kisumu Rural walipopata nafasi ya kumpima mtu kwa utu wake. Jaramogi alizuiwa kugombea, kwa hiyo hapakuwa na wimbi la kufuata. Wote walikuwa jogoo, na swali likawa: jogoo yupi? Katika miaka ya 1970 mbunge alikuwa Wilson Ndolo Ayah. Mwaka 1979 kiti kikaenda kwa Robert Ouko, mzaliwa wa Nyahera, aliyekuwa waziri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ilipovunjika 1977. Alishinda tena 1983. Mwaka 1988 Ouko akahamia kiti cha Kisumu Town, na Ayah akarudi Rural.

Huo wa 1988 ulikuwa uchaguzi wa mlolongo. Kwa asiyeujua: kwenye mchujo hapakuwa na karatasi wala debe. Wagombea au mawakala wao walisimama uwanjani na picha, nawe ukajipanga nyuma ya picha ya mtu wako mchana kweupe, chifu akiangalia, jirani akiangalia, na mwenye duka anayekukopesha sukari akiangalia pia. Karani alipita akihesabu vichwa. Aliyepata asilimia 70 alitangazwa mbunge hapo hapo, bila kungoja kura ya siri. Sehemu nyingi za nchi watu walilalamika kwamba mlolongo mfupi ndio uliotangazwa kuwa mrefu. Mtindo huo haukutumika tena kwenye uchaguzi mkuu uliofuata.

Februari 1990 Ouko, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa. Mwili wake ulipatikana kilima cha Got Alila, karibu na shamba lake la Koru. Aliyepewa wizara yake alikuwa Ndolo Ayah. Watu wawili waliopokezana kiti kimoja cha mashambani wakapokezana na wizara ile ile. Sijui kama kuna eneo bunge lingine la Kenya lenye kisa kama hicho.

Desemba 1992 vyama vingi vikarudi, na Jaramogi, sasa mzee wa miaka 81, akagombea urais kwa FORD-Kenya, chama chenye alama ya simba. Kisumu Rural ikampa simba wake kila kitu. Mbunge akawa Profesa Peter Anyang' Nyong'o, msomi wa sayansi ya siasa, mmoja wa vijana waliomzunguka Jaramogi. KANU haikupata kitu.

Kilichofuata ndicho ninachowaambia watu wakitaka ushahidi. Jaramogi alifariki Januari 1994. Uenyekiti wa FORD-Kenya ukashikwa na Michael Kijana Wamalwa, Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, akautaka, wakavutana miaka miwili. Mwisho wa 1996 Raila akatoka, akaingia chama kidogo cha NDP. Na ile sheria ya 1966, iliyotungwa kumbana baba, ikambana mwana: ilibidi aache kiti cha Lang'ata na kukigombea upya. Akakishinda Machi 1997. Alama ya NDP ilikuwa trekta, na huko ndiko jina lake la utani, Tinga, lilikotoka.

Nyong'o hakumfuata. Alikuwa SDP, chama kilichomsimamisha Charity Ngilu kuwania urais. Nilikuwa bado shuleni wakati huo, lakini nakumbuka kampeni zilivyoingia kwetu, upande wa Maseno. Baba mdogo alikuwa mtu wa redio na magazeti. Alimsifu profesa kila jioni, jinsi anavyozungumza, jinsi anavyojua mambo, mpaka chai ikapoa. Siku ya kura akavaa koti lake la kanisani, akaenda, akapiga tinga kuanzia rais, mbunge mpaka diwani. Wenyewe waliita suti ya vipande vitatu: huvai koti la huyu na suruali ya yule. Nilipomuuliza profesa wake ameenda wapi, akanijibu kwamba profesa yupo, ila safari hii amepanda gari ambalo haliendi kwetu.

Nyong'o alishindwa. Kiti kikachukuliwa na Winston Ochoro Ayoki wa NDP, chama ambacho mwaka mmoja kabla wengi huko hawakuwa wamewahi kukisikia. NDP ilipata viti 21, vingi vikiwa vya Nyanza. Nyong'o aliingia Bungeni kwa mlango wa wabunge maalum, akiteuliwa na SDP.

Halafu tazama. Mwaka 2002 Raila aliiunganisha NDP na KANU, akatoka tena mwaka huo huo, na upande wake ukajikuta ndani ya muungano wa NARC. Nyong'o naye alikuwa NARC. Mtu yule yule, usomi ule ule, wapiga kura wale wale. Alishinda na kuwa Waziri wa Mipango. Baada ya kura ya maoni ya katiba ya 2005, ile ya ndizi (Ndiyo) na chungwa (Hapana), Rais Kibaki alivunja baraza lake la mawaziri na Nyong'o akaachwa nje. Mwaka 2007 akashinda tena, sasa kwa ODM, yaani chungwa lenyewe. Ukimpanga Nyong'o peke yake kwenye mstari, 1992 alishinda, 1997 alishindwa, 2002 na 2007 alishinda, unaona kwamba kilichobadilika kati ya kushinda na kushindwa ni gari alilopanda.

Hii ina gharama yake, na wenyeji wanaijua vizuri. Chama kimoja kikiwa na uhakika wa kiti, uchaguzi wenyewe unahamia kwenye mchujo. Mwenye cheti cha uteuzi anaanza kusherehekea miezi kabla ya siku ya kura, na vurugu zote zinakuwa juu ya cheti hicho: orodha ya wapiga kura imetoka wapi, makaratasi yamechelewa wapi, nani ametangazwa mshindi hotelini wakati madebe bado yako njiani. Wapiga kura wanaletewa jina lililokwisha kuamuliwa.

Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, na Kisumu Rural ikagawanywa. Upande wa Kombewa ukawa Seme, ambako James Nyikal alichaguliwa kwa ODM. Upande wa Maseno uliingia Kisumu West, pamoja na vipande vya iliyokuwa Kisumu Town West. Nyong'o akaenda Seneti, na baadaye akawa gavana.

Machi 4, 2013, Kisumu West walimpigia Raila kura ya urais kwa wingi wa kawaida yao. Kisha wakamchagua John Olago Aluoch kuwa mbunge, kwa tiketi ya FORD-Kenya. Simba alikuwa ndani ya muungano mmoja na chungwa, ni kweli, lakini hakuwa chungwa. Siku hiyo baba mdogo alipewa karatasi sita, kila moja rangi yake. Aliniambia alikaa kibandani muda mrefu mpaka karani akakohoa. Tano alizipa chungwa. Ile ya mbunge aliipindua mara mbili, akatafuta miwani mfukoni, akamtia simba alama.