Kumwachisha mtoto chuchu bandia: maswali na majibu

Chuchu bandia inayozungumziwa hapa ni ile ya silikoni au mpira, yenye ngao ya plastiki na kipete nyuma, ambayo madukani wengi huiita pasifaya. Majibu haya yanamhusu mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asiyepata usingizi bila hiyo kitu mdomoni.

Aachishwe akiwa na umri gani?

Anza kupunguza akifikisha miezi 6, na ikiwezekana umalize kabla ya miaka 2. Mtoto mchanga hana haja ya kuharakishwa: akishazoea vizuri kunyonya ziwa, chuchu bandia ya wakati wa kulala inahusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya usingizini. Baada ya miezi 6 hesabu hubadilika, kwa sababu wanaoinyonya huugua zaidi maambukizi ya sikio la kati.

Miaka 3 ndiyo mpaka wa meno. Akiendelea kupita hapo, meno ya mbele ya juu husukumwa nje na ya chini hayakutani nayo. Mwambie ang'ate meno akuonyeshe anavyocheka simba, kisha umfunue midomo taratibu. Ukiona meno ya nyuma yamekutana lakini mbele pamebaki tundu la mviringo, ncha ya ulimi ikichungulia hapo, hilo ni umbo la chuchu yenyewe. Akiacha mapema, tundu hilo mara nyingi hujifunga lenyewe. Taya la juu likishakuwa jembamba, hata magego ya juu yakang'atia ndani ya yale ya chini, hilo halirudi kirahisi.

Nianzie wapi?

Anzia kuzihesabu. Tafuta chini ya makochi, kwenye mkoba, kwenye gari, kwa bibi yake. Baki na moja, nyingine zitupwe. Kisha ondoa ule mkanda unaoishikiza kwenye nguo, kwa sababu mtoto hunyonya mara nyingi si kwa kuhitaji bali kwa kuwa kitu kinaning'inia kifuani.

Siku 4 hadi 7 za kwanza, chuchu isitoke chumba cha kulala. Akiamka, iingie kwenye kopo lenye kifuniko, na ni vizuri aiweke mwenyewe. Akiililia mchana, angalia kwanza kama ana njaa, kiu, usingizi au amechoka tu kukaa ndani. Kikombe cha maji, kipande cha ndizi au kutoka nje kidogo humaliza vilio vingi. Akiongea ikiwa mdomoni, mwambie, "Toa, nikusikie," usubiri. Usijifanye umeelewa.

Mchana ukishakuwa mwepesi, iondoe kwenye usingizi wa mchana. Usiku uwe wa mwisho.

Kwa nini usiku ni mgumu hivyo?

Kila binadamu huzinduka kidogo mara kadhaa usiku, kisha hulala tena bila kukumbuka. Mtoto akizinduka hutafuta hali aliyokuwa nayo alipokuwa anasinzia. Kama alisinzia ananyonya, atalia mpaka arudishiwe, na ndiyo maana wazazi wengine huamka mara 4 au 5 kuitafuta chuchu gizani. Kwa hiyo kazi kubwa iko saa 2 usiku anapolala, siyo saa 8 anapolia.

Mpangie utaratibu usiobadilika wa dakika 20 hadi 30: kuoga, kupigwa mswaki, taa kupunguzwa, wimbo uleule, khanga ileile ya mama aikumbatie (khanga ni kwa aliyepita mwaka 1 tu, maana mtoto mchanga inaweza kumziba pumzi). Mlaze macho yakiwa mazito lakini bado yako wazi. Akilia, mwendee, mpapase mgongo, mwambie maneno machache yaleyale. Usiwashe taa, usianze mazungumzo.

Kilio kikubwa huwa usiku wa 1 hadi wa 3, na wengi hutulia ndani ya wiki. Anza siku ambayo kesho yake huendi kazini. Mnaoishi nyumba ya kupanga, ukuta kwa ukuta, waambieni majirani mapema. Wazazi wengi hushindwa usiku wa 2 si kwa kilio cha mtoto bali kwa aibu ya jirani kugonga mlango.

Kosa moja hufanyika sana hapa: chuchu inatoka, chupa ya maziwa inaingia. Maziwa yakibaki kwenye meno usiku kucha huyaozesha, na sasa una vitu viwili vya kuachisha. Kama bado ananyonya ziwa, tarajia aliombe zaidi siku hizo. Hilo halina ubaya, ila mpe kabla ya mswaki.

Bibi yake anasema nipake shubiri au pilipili, kama wanavyoachishwa ziwa.

Usipake. Pilipili huhama kutoka mdomoni kwenda vidoleni, na kutoka vidoleni kwenda machoni. Utomvu wa shubiri ni wa kuharisha, na tumbo la mtoto wa kilo 10 halihitaji mtihani huo. Zaidi ya hapo, unamchoma mtoto kwa kitu kilekile anachokitegemea kumtuliza, dakika ambayo unataka asinzie. Matokeo ni kilio kirefu zaidi.

Kuichovya kwenye asali ni kosa la upande wa pili. Chini ya miezi 12 asali inaweza kumletea sumu ya botulizimu, ambayo hulegeza misuli hata ya kupumulia. Baada ya hapo inaozesha meno.

Na kukata ncha kidogo kidogo?

Ushauri huu umesambaa mno, na ni wa hatari. Silikoni ikishakatwa huendelea kuchanika, na kipande chake kinaweza kuziba njia ya hewa. Chuchu iliyopasuka, iliyonata au kubadilika rangi hutupwa siku hiyohiyo. Muda wote anaoitumia, ivute kila siku kutoka pande zote kabla ya kumpa, na isifungwe shingoni kwa uzi hata dakika moja.

Lini nisianze?

Akiwa mgonjwa, mnapohama, wiki anayoanza shule ya awali, au mdogo wake akiwa ndiyo kwanza amezaliwa. Akiwa amechomwa chanjo ya surua na rubela ya miezi 18, mwache siku kadhaa atulie.

Tulimrudishia usiku wa 3. Tumeharibu?

Mmemfundisha kwamba usiku 3 za kulia hulipa, basi. Subirini wiki 2 au 3, kisha mwanze tena bila chuchu hata moja ndani ya nyumba, wala ile ya akiba kwenye mkoba. Kabla ya hapo kaeni na kila anayemshika mtoto: baba, bibi, dada wa kazi. Dada anayebaki naye saa 9 kwa siku akiwa na moja jikoni "ya dharura", kazi yenu ya usiku haina maana.

Ameanza kunyonya kidole.

Wachache huhamia huko. Usimpige mkono wala kumsema mbele ya watu. Mpe mikono kazi, kama mwanasesere, kitabu cha picha au ile khanga. Kidole hakitupwi, kwa hiyo kikizoeleka huchukua muda mrefu zaidi.

Lini nimpeleke hospitali?

Akifika miezi 18 bila neno lolote lenye maana, au miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, apimwe pia kusikia. Akikoroma kila usiku mdomo ukiwa wazi, aonwe. Tundu la meno ya mbele likiwepo bado akiwa na miaka 4, mwone daktari wa meno. Usaha ukitoka sikioni, au akiwa na homa huku akivuta sikio, usisubiri mpango wa chuchu uishe. Kilio cha chuchu mara nyingi hupoa ukimbeba. Cha sikio huongezeka kila ukimlaza.