Je, wajua kwa nini injini ya L-39 huchelewa kuitika?

Mchezaji mpya wa DCS World, gemu la kurusha ndege kwenye kompyuta, akiangusha jeti ya L-39 mita chache kabla ya kiwanja, utamsikia akilalamika: "Nimesukuma mafuta mpaka mwisho, ndege imenigomea!" Haikugoma. Ilikuwa bado inajikusanya. Kutoka sailensa (mzunguko wa chini kabisa wa injini) hadi nguvu zote, injini yake huhitaji kama sekunde 9 hadi 12, na gemu limeiga uzito huo bila huruma.

L-39 Albatros ni jeti ya mafunzo ya viti viwili. Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma, na kiti cha nyuma kimeinuliwa ili mwalimu aone mbele juu ya kichwa cha mwanafunzi. Iliundwa na kiwanda cha Aero Vodochody, Czechoslovakia, ikaruka mara ya kwanza tarehe 4 Novemba 1968. Zilitengenezwa zaidi ya 2,800, na upande wetu huu wa Afrika majeshi ya Uganda na Ethiopia yamezitumia. Injini yake moja, AI-25TL, ni ndugu wa injini zilizobeba Yak-40, ndege ndogo ya abiria ya Kisovieti. Ni injini yenye subira, isiyo na moto wa ziada nyuma kama za ndege za kivita.

Ndani yake kuna shafti mbili, moja ikipita katikati ya nyingine. Ya kwanza huzungusha kompresa (kibana hewa) ya presha ndogo, ya pili ile ya presha kubwa. Hakuna gia inayoziunganisha. Kinachozipatanisha ni hewa tu. Ukisukuma mkono wa mafuta, moto huongezeka, gesi husukuma turbini (feni za nyuma), turbini huvuta kompresa, na hapo ndipo hewa zaidi huingia. Kila hatua husubiri iliyotangulia. Dereva wa Fuso anayepanda kutoka Himo kwenda Marangu anajua jambo linalofanana na hilo: akikanyaga mafuta, turbo haiamki papo hapo.

Kwa nini basi mafuta yasimwagwe mengi mara moja? Kwa sababu yakitangulia hewa, presha kwenye chumba cha moto hupanda kuliko kompresa inavyoweza kuhimili. Hewa hurudi nyuma, injini hupiga mishindo, joto la turbini hupaa na moto unaweza kuzimika kabisa. Kidhibiti cha mafuta kimewekwa kuzuia hilo: hata ukisukuma mkono kwa nguvu, chenyewe hupima na kuachia kidogo kidogo.

Geji nayo huwapotosha wengi. Kwenye sailensa, shafti ya presha kubwa husoma karibu asilimia 56 ya mizunguko yake, na mtu huona tayari ana zaidi ya nusu ya nguvu. La. Msukumo haupandi sambamba na mizunguko. Sehemu yake kubwa iko juu kabisa ya geji, na asilimia 56 inatosha tu kuisogeza ndege polepole ardhini.

Sasa turudi kwenye ajali yetu. Mchezaji amekuja juu mno, akarudisha mkono hadi sailensa ili ashuke. Magurudumu yako nje, flapsi (vibao vya nyuma ya mabawa) ziko nyuzi 44, na vyote hivyo vinaivuta ndege nyuma. Mwendo unaporomoka, anashtuka, anasukuma. Kwa kilomita 220 kwa saa, sekunde 10 ni mita 610 za ardhi. Kama anashuka mita 5 kila sekunde, amepoteza mita 50 kabla injini haijatoa nguvu zote. Wengi wanapogundua kosa hawana hata mita 40.

Dawa ni kufika mapema ukiwa umejipanga. Toa magurudumu chini ya kilomita 330 kwa saa, flapsi nyuzi 25, kisha 44 chini ya 300; ukipita 310 hujirudisha zenyewe. Ukivutwa hivyo utalazimika kuiacha injini ifanye kazi, na injini iliyo juu ya geji huitika upesi. Ukiwa juu mno, toa breki za hewa zilizo chini ya tumbo badala ya kukata mafuta. Ukiona mambo hayaendi, ahirisha kutua ukiwa bado na mita 100, si 30.

Wachezaji wa Arusha wana faida ya kuelewa jambo lingine kwa kutazama mlangoni tu. Kiwanja cha Kisongo kiko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 25 za joto, hewa pale ina uzito wa kama asilimia 82 ya hewa ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari. Geji ya mwendo ikikuonyesha 210, kwa kweli unakimbia karibu 230, huku injini ikila hewa nyepesi. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iliyo chini zaidi na yenye barabara ya mita 3,600, ingemsamehe mtu mengi.

(Na ndege isipokata kona ardhini, usifikiri jostiki imeharibika. Gurudumu la mbele huzunguka huru. Unageuza kwa breki, ukikanyaga pedali ya upande unaotaka.)

Zoezi la kuanza nalo: panda hadi mita 3,000, toa magurudumu na flapsi, weka sailensa mpaka mwendo ufike 230, kisha sukuma mkono mpaka mwisho na uhesabu kwa sauti. Andika mita ulizopoteza mpaka ndege ilipoacha kushuka. Rudia ukianzia asilimia 85, uweke namba mbili hizo kando ya kibodi.