Msiba wa Jade Goody na foleni ya vipimo

Jade Goody alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 22 Machi 2009, nyumbani kwake Essex, Uingereza. Ilikuwa Jumapili, Siku ya Mama kwa Waingereza. Alikuwa na miaka 27, ameacha watoto wawili wa kiume, na kilichomuua ni saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao nautibu na ambao, kwa miaka mingi unapokuwa bado umejificha mwilini, unaweza kuzuiwa. Kila ninapofundisha wauguzi na wakunga kupima wanawake, huanza na habari za binti huyu kabla ya kufungua somo lenyewe. Sijapata mfano mwingine unaoonyesha waziwazi vile machozi ya watu wasiomjua marehemu yanavyoweza kugeuka kuwa tiba ya watu wengine, na pale yanapokwama.

Wasiomfahamu huniuliza alikuwa mwimbaji au mwigizaji. Hakuwa lolote kati ya hayo. Alikuwa msichana wa Bermondsey, kusini mwa London, mtoto wa familia iliyovurugwa na dawa za kulevya, aliyekuwa akifanya kazi ya msaidizi wa daktari wa meno. Mwaka 2002 aliingia kwenye shindano la televisheni la Big Brother, ambamo watu hufungiwa nyumba moja huku kamera zikiwatazama usiku na mchana. Hakushinda. Alipata umaarufu kwa kuongea bila kujichunga na kwa kutojua mambo ambayo wenzake waliyajifunza shuleni, na magazeti yalimdhihaki kwa maneno ambayo sitayarudia. Januari 2007 alirudi kwenye shindano hilo, safari hii la watu maarufu, na humo yeye na wenzake wakamtolea mwigizaji wa India, Shilpa Shetty, maneno ya kibaguzi. Malalamiko yaliyopelekwa kwa wasimamizi wa utangazaji yalizidi 40,000. Huko India watu waliandamana. Gordon Brown, aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza na wakati huo yuko ziarani India, alijikuta akijibu maswali juu ya ugomvi wa nyumba ya televisheni.

Narefusha sehemu hii kwa makusudi. Mtu aliyekuja kuliliwa na nchi nzima alikuwa, miaka miwili tu kabla, miongoni mwa wanawake waliochukiwa zaidi Uingereza. Agosti 2008 alikwenda India kushiriki toleo la shindano lilelile la huko, Bigg Boss, lililoongozwa na huyohuyo Shilpa Shetty. Akiwa ndani ya nyumba, kamera zikiwa zimewashwa, alipewa taarifa kutoka nyumbani kwamba majibu ya vipimo vyake yameonyesha saratani. Alirudi Uingereza kwa matibabu. Februari 2009 aliambiwa ugonjwa umesambaa na hautapona. Tarehe 22 mwezi huo, mwezi mmoja kamili kabla ya kufa, alifunga ndoa na Jack Tweed, kichwa kikiwa hakina nywele kwa sababu ya dawa. Haki za picha za harusi aliziuza, na alisema wazi kwamba fedha ni kwa ajili ya masomo ya wanawe.

Wapo waliokasirika. Walisema kifo hakifai kuwa tamasha, na kwamba mgonjwa angejifungia ndani akafa kwa heshima. Hoja hiyo naielewa, maana hata kwetu mgonjwa hufunikwa shuka na habari zake hufunikwa pamoja naye. Lakini mimi niko upande wa Jade, tena bila kusita. Saratani hii huanzia mahali ambapo mwanamke amefundishwa tangu utotoni asipataje. Dalili zake ni damu baada ya tendo la ndoa, damu kwa aliyekwisha koma hedhi, uchafu wenye harufu. Nani atayataja hayo mbele ya wakwe? Wengi hunijia baada ya miezi mingi ya kujisafisha kwa maji ya chumvi na kununua vidonge dukani, na wengine wamekwisha tuhumiwa uhuni na waume zao. Virusi vya HPV vinavyosababisha ugonjwa huu huwapata karibu watu wote waliowahi kushiriki ngono, mke wa mmoja na mume wa wengi, na kwa wengi huondoka vyenyewe. Kuvipata si ushahidi wa tabia ya mtu. Jade alilisema jina la ugonjwa wake, na kiungo chenyewe, mbele ya mamilioni. Hakuna kipeperushi cha wizara yoyote kilichowahi kufanya kazi hiyo.

Na matokeo yake yalipimwa. Watafiti walipopitia takwimu za mpango wa taifa wa uchunguzi wa England walikuta kwamba kati ya katikati ya 2008 na katikati ya 2009 wanawake waliokuja kupimwa walizidi matarajio kwa zaidi ya 400,000. Mwezi Machi 2009, mwezi wa kifo chake, mahudhurio yalikuwa juu ya kawaida kwa takriban asilimia 70. Mchoro wa mahudhurio ulifuata mchoro wa habari: ulipanda Agosti alipogundulika, ukapanda tena Februari na Machi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba walioitikia hawakuwa tu wale wenye bidii, wanaokuja hata kabla ya tarehe yao. Walikuja pia waliokuwa wamepitisha muda wao kwa miaka, ambao barua zilikuwa zinawafikia na kuishia kwenye droo.

Kwa nini yeye? Naamini ni kwa sababu alifanana nao. Wanawake wasiokuja kupimwa, Uingereza kama Tanzania, mara nyingi ni vijana, wenye kipato kidogo, walioona shule na hospitali kama mahali pa kukaripiwa. Jade alizungumza kama wao na aliogopa kama wao. Ilisimuliwa kwamba aliwahi kupata majibu yasiyo mazuri na hakuitikia barua ya kumwita tena, kwa woga. Mtu akisikia hivyo hamuoni marehemu kama mzembe. Anakumbuka barua yake mwenyewe.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka lieleweke. Msiba ule ulizaa vipimo kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kabla ya msiba. England ilikuwa na mpango unaowaita wanawake kwa barua tangu 1988: wa miaka 25 hadi 49 kila baada ya miaka mitatu, wa 50 hadi 64 kila baada ya mitano, bure, kwenye zahanati ya mtaani. Mwanamke aliyelia Jumapili aliweza kupiga simu Jumatatu na akapangiwa siku. Majonzi ya hadhara hayadumu. Wiki sita, miezi mitatu, kisha watu wanarudi kwenye shughuli zao. Huduma isipokuwepo ndani ya wiki hizo, uchungu ule hutafuta njia nyingine.

Kenya iliyaona haya Julai 2019. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa Safaricom, kwa saratani ya damu. Tarehe 26 akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra, mwenye miaka 41, aliyekuwa ameutangaza mwenyewe ugonjwa wake wa saratani ya utumbo mpana. Siku tatu baadaye akaondoka Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Nchi ililia kwelikweli, na kilio kikaelekea kwa serikali: saratani itangazwe janga la taifa. Sina lawama kwa waliodai hivyo. Kijana wa Kibra aliyeguswa na kifo cha mbunge wake angekwenda wapi asubuhi yake? Kuchunguza utumbo kwa kamera hufanywa katika hospitali chache, kwa gharama isiyolipika na mtu wa kipato cha siku. Alichobakiwa nacho ni kudai.

Msiba pia unaweza kuomba kisichofaa, na hilo ni lazima niliseme ingawa ni gumu kulisema mbele ya wafiwa. Baada ya Jade kufariki, wengi Uingereza walitaka umri wa kuanza kupimwa urudishwe 20, kutoka 25 uliowekwa mwaka 2003. Kamati ya wataalamu ilikaa mwaka huohuo wa 2009 ikakataa. Ilionekana ukatili, lakini ilikuwa sahihi. Chini ya miaka 25 saratani yenyewe ni nadra sana, ilhali mabadiliko ya seli ni ya kawaida na mengi hutoweka bila kuguswa. Ukiyakata yote, unamwachia binti mlango wa kizazi uliofupishwa na hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Na Jade mwenyewe alikuwa na miaka 27, tayari ndani ya umri wa kupimwa. Kushusha umri kusingemwokoa. Australia ilikuwa imekwisha pata funzo kama hilo mwaka 2005, Kylie Minogue alipotangaza ana saratani ya matiti: miadi ya kupiga picha za matiti ilipanda kwa asilimia 40 katika wiki mbili, na miongoni mwa waliokimbilia kupima walikuwamo wanawake vijana ambao kipimo hicho hakiwasaidii. Wajibu wetu sisi wataalamu katika wiki za msiba ni kusema, kwa upole na mara nyingi, nani aje na nani asubiri.

Wimbi la Jade lilishuka. Ilipofika 2018, kiwango cha wanawake wa England waliopimwa kwa wakati kilikuwa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka ishirini hivi. Ila Septemba 2008, wakati yeye ameanza matibabu, Uingereza ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 12 na 13 dhidi ya HPV, mpango uliopangwa kabla hajaugua. Utafiti uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba waliofikiwa na chanjo katika umri huo walipata saratani hii pungufu kwa asilimia 87 ikilinganishwa na waliotangulia. Nina hakika wazazi wengi waliosaini fomu za chanjo miezi ile walikuwa wamemwona Jade kwenye televisheni.

Tanzania tunachanja tangu 2018, na mwaka 2024 mabinti wa miaka 9 hadi 14 walianza kupewa dozi moja, bure. Kwa waliokwisha pita umri huo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza kupimwa ukifika miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na VVU, kwa kuwa hatari yake ni takriban mara sita na ugonjwa humwendea kasi zaidi. Kwa wengine, tangu virusi kuingia hadi saratani kujitokeza, aghalabu hupita miaka 15 au zaidi. Muda huo ndio tunaoutumia.

Kwa hiyo, mtangazaji au msanii tunayempenda akiondoka kwa ugonjwa huu, na familia ikaridhia ugonjwa utajwe, ombi langu kwa wenye redio na kurasa zenye wafuasi wengi ni kwamba chini ya picha yake waandike pia jina la kituo cha afya kinachopima, siku zake na saa zake. Na waganga wakuu wa wilaya wahakikishe juma hilo siki haijaisha na mhudumu yupo. Kipimo chenyewe ni kupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kutazama kwa dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Majibu hutolewa hapohapo, na mara nyingi sehemu hiyo hutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa siku ileile, mgonjwa akarudi kwake kwa miguu yake.