Mbunge wa mazingira na mambo tunayomdai bure

Hapa Lubumbashi, mbunge wa taifa akishajitangaza kuwa mtetezi wa mazingira anapata maadui wa pande mbili. Wenye viwanda wanamwona mchochezi, na wapiga kura, baada ya mwaka mmoja au miwili, wanamwona mwongo. Wenye viwanda wana hesabu zao. Sisi wapiga kura mara nyingi tunamshitaki kwa kosa lisilo lake, huku tukimwachia lile ambalo kweli angepaswa kulijibu. Maneno ninayoyajibu hapa chini, moja baada ya jingine, yanasikika redioni, ndani ya basi za Katuba, na kwenye mikutano wakati wabunge wako likizo.

"Angetaka, kiwanda kingefungwa kesho"

Kwenye mkutano mmoja katika komini (wilaya ya mji) ya Annexe, mzee alisimama na chupa ya maji ya kisima chake. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Akaiweka mezani mbele ya mgeni, mbunge wetu: "Mheshimiwa, kunywa kwanza, ndipo utuhutubie." Watu wakapiga makofi, mheshimiwa akapata jasho, akaahidi kwamba kiwanda kitafungwa. Hapo ndipo alipoharibu, maana aliahidi kitu asichokuwa nacho.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa mbunge kazi mbili: kutunga sheria na kuisimamia serikali. Kifungu cha 138 kinataja zana za usimamizi huo: swali la mdomo au la maandishi, swali kuhusu jambo la wakati huo, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kuwahoji wahusika mbele ya kamisheni ya bunge. Kufuli haimo. Kusimamisha kiwanda ni kazi ya serikali au ya mahakama. Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda kimoja cha shaba na kobalti yalipofurika kwenye makazi ya watu hapa mjini, aliyesimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3 alikuwa waziri wa migodi.

Basi zana za mbunge ni porojo? Inategemea anazitumiaje. Swali la mdomo linaisha bila kura, lakini likitungwa vizuri linambana waziri hadharani: wakaguzi wa wizara walifika kiwandani lini mara ya mwisho? Taarifa ya athari za mazingira iko wapi, na wakazi jirani waliisoma? Bwawa la maji machafu lilijengwa kwa vipimo gani? Swali legelege, lile la "serikali ina mpango gani kuhusu uchafuzi Katanga," linazaa hotuba ya nusu saa na hakuna kingine.

Kumwita waziri ajieleze ni hatua nzito zaidi, kwa kuwa inaweza kufuatwa na hoja ya kutokuwa na imani naye. Hoja hiyo inahitaji saini za sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50 kati ya 500. Baada ya kuwekwa mezani inangoja saa 48, kisha inahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote ili ipite. Wabunge wa Haut-Katanga peke yao hawatoshi hata kwa zile saini. Mtetezi wa mazingira lazima apate wenzake wa Kasai, wa Équateur, wa Kongo Central, watu ambao hawajawahi kuona maji ya Annexe. Kwa hiyo ukitaka kumpima, muulize amekusanya saini ngapi. Sauti kubwa mbele ya kamera kila mmoja anayo.

"Congo haina sheria za mazingira"

Tunazo nyingi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na papo hapo kinampa wajibu wa kuyatetea. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi wowote unaotokana na shughuli za kiuchumi unadai fidia au matengenezo. Kifungu cha 55 kinaita kumwaga taka za sumu katika maji yetu jinai inayoadhibiwa na sheria. Chini ya Katiba kuna sheria ya misitu ya 2002, sheria ya misingi ya ulinzi wa mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, sheria ya uhifadhi wa viumbe ya 2014, sheria ya maji ya 2015, na sheria ya migodi ya 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018.

Malori ya mti wa mukula yalipokuwa yanabeba magogo mekundu kuelekea mpakani Kasumbalesa na Zambia, sheria ya misitu ilikuwa na zaidi ya miaka 10. Kilichokosekana ni wakaguzi wenye gari na mafuta, na amri za serikali zinazoeleza sheria itekelezwe vipi. Ndiyo maana mimi nawashangaa wabunge wanaojivunia "muswada mpya" kila kikao. Kikao cha Septemba 15 hadi Desemba 15 ndicho cha bajeti, na hapo ndipo fedha za wakaguzi zinapatikana au zinapotea. Tena Katiba inabana: mbunge akitaka kuongeza matumizi kwenye bajeti, lazima aoneshe fedha hizo zitatoka wapi. Ni kazi ya kikokotoo, haina makofi.

Hata hivyo muswada wa mbunge si wa kudharauliwa. Sheria ya kulinda haki za Wambilikimo, ambao kwetu kusini wengi wanawajua kama Batwa, ilitokana na pendekezo la wabunge. Ilipita Baraza la Taifa, yaani chumba cha wabunge, Aprili 2021, ikapita Seneti Juni 2022, ikatiwa saini na Rais tarehe 15 Julai 2022. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima kutoka kura ya kwanza hadi saini, bila kuhesabu miaka ya kubembeleza kabla yake.

"Mazingira ni habari za Wazungu na sokwe"

Neno hili katika mji huu linanichosha. Tunaishi chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba, na tumeufanya nembo ya mji. Sijui wangapi duniani wanajivunia jalala. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi uliofanywa hapahapa: watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Hakuna sokwe katika habari hiyo.

Na ukizungumzia miti, utaulizwa mama atawasha nini kwenye mbabula, lile jiko la makala (mkaa). Swali la haki kabisa. Lakini makala yanazidi kutoka mbali kwa sababu msitu wa karibu umekwisha, na kila kilomita ya baiskeli inaongezwa kwenye bei ya gunia. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kukabidhiwa msitu wake bila kuulipia na bila ukomo wa muda, hadi hekta 50,000, na kuutumia kwa mpango, makala yakiwemo. Mbunge anayetetea msitu bila kutaja amri hiyo amefanya nusu ya kazi.

"Tunataka Wangari Maathai wetu bungeni"

Mimi pia namtaka mtu kama huyo Mkenya mtetezi wa miti. Ila tukumbuke mpangilio wa mambo. Mnara wa ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, aliupinga mwaka 1989. Mapambano ya msitu wa Karura ambako alipigwa yalikuwa ya Januari 1999. Wakati huo wote hakuwa mbunge. Aliingia bungeni Desemba 2002 akiwakilisha Tetu, akawa waziri msaidizi wa mazingira, yaani mtu wa pili mezani. Sheria ya misitu ya Kenya ya 2005, iliyofungua mlango kwa jamii kushiriki kutunza misitu, ilipita akiwa ndani. Mwaka 2007 wapiga kura hawakumrudisha, pamoja na tuzo yake ya Nobel ya 2004. Sisi Wakongo tunayo sababu ya ziada ya kumkumbuka: kuanzia 2005 alikuwa balozi wa hiari wa misitu ya Bonde la Kongo.

Kwa maoni yangu, nguvu yake bungeni ilikuwa ile aliyoijenga nje kwa zaidi ya miaka 20, pamoja na wanawake waliopanda miche. Nasi tunafanya kinyume: tunamchagua mtu, kisha tunarudi kulala.

"Pesa za migodi anazigawa yeye"

Hagawi hata franga. Kwa sheria ya 2018, mrabaha wa madini, yaani ada ambayo kampuni inalipa kwa madini yake, unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji, komini, sekta au himaya ya kichifu palipo na mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 zinaingia kwenye akaunti ya mamlaka ya hapohapo, bila kupitia mkononi mwa mbunge. Anayezijua ni meya au mkuu wa komini, ambaye ofisi yake iko mwendo wa miguu kutoka kwako.

Kuna pia asilimia 0.3 ya mauzo ya kila mwaka ambayo kampuni ya madini inapaswa kuitenga kwa miradi ya jamii: visima, shule, zahanati. Inasimamiwa na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii zinazouzunguka mgodi. Mbunge, awe wa mazingira au wa nini, hana kiti pale.