Kwa nini timu yetu ya kompyuta mchanganyiko ilichagua Git

Tuko wanne: wawili Mbeya tunatumia Linux, mwenzetu wa Iringa ana Windows, wa Njombe ana Mac. Umeme ukikatika Mwanjelwa mtandao nao unapotea, na bando haliishi kwa ratiba ya kazi. Kwa hiyo, nilipotafuta mfumo wa kutunza matoleo ya kodi yetu, unaoweka kumbukumbu ya kila badiliko, ule unaotegemea seva moja niliukataa mapema. Nilitaka kila mtu awe na historia nzima ya mradi kwenye mashine yake, ahifadhi mabadiliko na kufungua tawi jipya (njia ya pembeni ya kazi isiyogusa kazi kuu) hata akiwa gizani na betri tu.

Zilibaki mbili, Git na Mercurial. Zote zilianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo wa kibiashara wa kazi hiyohiyo. Mercurial naipenda kwa dhati, maana amri zake zinaeleweka haraka. Lakini Bitbucket, tovuti ya kuhifadhi miradi ya kodi, iliacha kuipokea mwaka 2020, na vijana wanaotoka vyuoni wengi wanaijua Git tayari. Tukachukua Git.

Shida yetu kubwa haikuwa amri, ilikuwa miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux na Mac hutumia LF peke yake. Mwenzetu wa Iringa alirekebisha mstari mmoja, Git ikaonyesha faili zima limebadilika. Utakaguaje kazi ya namna hiyo? Dawa ni faili la .gitattributes lenye `* text=auto`, linaloiambia Git ihifadhi faili za maandishi kwa LF; liwekwe siku ya kwanza. Msiachiane kila mtu apange core.autocrlf (mpangilio wa Git wa kubadilisha miisho hiyo) kivyake: mpangilio huo hubaki kwenye mashine ya mtu, lakini .gitattributes husafiri na mradi. Skripti za .sh (faili za amri za Linux) ziongezeeni humo `eol=lf`, la sivyo zitagoma kwenye Linux.

Majina nayo yaangalieni. Kwa Linux, Ripoti.py na ripoti.py ni faili mbili. Windows na Mac kwa kawaida huyaona kuwa jina moja. Sisi tunaandika herufi ndogo tupu, na nukta pacha hatuweki, Windows haiikubali.

Mtandao ukigoma kabisa, `git bundle` hukusanya historia kwenye faili moja. Mara mbili flashi yetu imepanda basi la Iringa, na mwenzetu akavuta mabadiliko humo kama anavyoyavuta kwenye seva.